Mguu kwanza, jina baadaye: kushona ndala za flisi nyumbani

Shikamooni wazee wangu, na wengine wote mwangaluka.

Hapa Tabora tuko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na Juni na Julai yetu hakuna asiyeijua. Mchana jua, usiku nyuzi 15 hivi, na sakafu ya saruji inakaa na baridi yake hadi jua limepanda kabisa. Mtu analala na mablanketi mawili, alfajiri anashuka kitandani pekupeku. Akivaa ndala za plastiki, nazo zimelala hapo hapo sakafuni, zina baridi vilevile. Ndiyo maana mmeniomba nizungumzie ndala za flisi, za kuvaa ndani, tena za kumshonea mtu mmoja, ziwe zake.

Flisi mnaijua. Ni kile kitambaa chepesi chenye manyoya, kipo sokoni kwenye mablanketi ya watoto na majaketi ya mitumba. Muuzaji atakuapia kwamba ni sufu, mwache aape. Ni poliesta, jamii moja na plastiki ya chupa za maji, na kiwanda cha Malden Mills kule Massachusetts, Marekani, kiliitoa mwaka 1979. Asili hiyo naitaja kwa ajili ya pasi. Pasi ya mkaa ikiigusa flisi, inayeyuka na kuganda kwenye chuma, na nguo itakayofuata nayo inaharibika. Flisi haipigwi pasi. Lakini ina fadhila moja kubwa: ukiikata haichambuki nyuzi. Hiyo ishikeni, nitairudia kwenye mshono.

Sasa, watu wakisikia ndala za mtu binafsi, akili inakimbilia jina. Wanataka "Baba" iandikwe kwa uzi mwekundu, au "Bibi" na ua pembeni. Mimi nasema ndala inakuwa ya mtu kwa sababu ya mguu wake. Ukimshonea kwa namba ya kiatu, halafu ukaandika jina, umemwandikia jina kwenye ndala ya mtu mwingine. Namba 40 wapo wengi. Mwenye kidole gumba kilichopinda na kisigino chembamba ni mmoja.

Basi pima jioni, kwa sababu miguu huvimba kidogo kadiri siku inavyokwenda. Mtu asimame juu ya boksi lililofunguliwa, asikae, maana mguu ukibeba uzito unatanuka. Kalamu iwe wima kabisa. Ukiilaza inaingia chini ya unyayo, na hapo umekwisha punja. Chora miguu yote miwili! Watu wengi mguu mmoja umeuzidi mwingine, na fundi akichora mmoja kisha akageuza boksi kupata wa pili, mguu mkubwa utabanwa. Baada ya hapo pitisha futi juu ya mguu pale penye upana mkubwa, kutoka ukingo hadi ukingo. Kipimo hicho ndicho cha kipande cha juu, kile kinachofunika mguu. Pande zote ongeza sentimita moja ya mshono.

Kwa wazee wenye kisukari kuna jambo zaidi. Ugonjwa ule unaweza kuua hisia za miguu, kwa hiyo mshono ukimsugua hasikii, anakuja kuona kidonda. Kwa huyo, na kwa kweli kwa kila mtu, mimi mshono nautoa nje. Kitambaa kingine kingechambuka. Flisi haina tabu hiyo. Pangeni hivi: soli ya nje, sponji, soli ya ndani, juu yake kile kipande cha juu, kingo zote zikae sawa. Kisha shona kuzunguka kwa mkono, mshono wa blanketi, ule ambao uzi unazunguka ukingoni, uzi mnene wa rangi anayoipenda mwenyewe. Ndani kunabaki laini, hakuna tuta lolote kwenye vidole. Sponji si lazima ununue, ndala iliyokatika mkanda ikatwe kwa kuifuata patani, yaani ule mguu uliochorwa kwenye boksi.

Kabla ya kukata, vuta kitambaa pande zote mbili. Flisi hunyumbulika zaidi upande mmoja, na upande huo uende na upana wa mguu. Ukiuweka uende na urefu, ndala itarefuka kila ikivaliwa, na mvaaji ataanza kuiburuta.

Wenye cherehani za miguu wanaotaka kushona kwa mashine: sindano namba 14, mishono mirefu kama milimita tatu, na ulegeze kidogo ule mguu unaokandamiza kitambaa, kwa sababu ukikaza sana kipande cha chini kinavutwa haraka kuliko cha juu. Msitumie pini. Zinazama kwenye manyoya, huzioni tena, na pini iliyosahaulika ndani ya ndala ataipata mwenye mguu. Vile vibanio vya kuanikia nguo vinafanya kazi nzuri kabisa. Mkimaliza, fungueni pale kwenye bobini mlitoe lile vumbi la flisi kwa mswaki mkuukuu, lipo jingi.

Soli. Hapa ndipo watu wanaangushana. Flisi tupu juu ya saruji iliyosuguliwa inateleza, na mzee akianguka usiku akienda msalani hatakushukuru kwa zawadi. Tabora hatukosi baiskeli, kwa hiyo hatukosi tyubu za zamani. Ipasue, ioshe kwa sabuni iondoke ile poda ya ndani, kata kipande cha kisigino na kipande cha unyayo wa mbele, uvishone kwenye soli ya nje kwa shazia kabla hujaunganisha vipande vingine. Gundi peke yake sipendi, kufua mara chache tu inaachia.

Haya, jina. Linashonwa wakati kipande cha juu bado kimelala bapa mezani. Herufi nyembamba huzama kwenye manyoya zisionekane, kwa hiyo tandika karatasi nyepesi juu, shona mshono wa mnyororo ukipita juu yake, kisha ichane karatasi. Kwa bibi asiyesoma, acha herufi. Chukua kipande cha kitenge chake mwenyewe kilichochakaa, kunja kingo, maana kitenge kinachambuka, ukibandike kwa sindano. Ataijua yake hata zikipangwa kumi mlangoni.

Kuna mama ameuliza kuhusu kuuza. Inauzika, ila bei ihesabu na muda wa kwenda kumpima mtu nyumbani kwake, kwa sababu hicho ndicho asichokipata kwa mwenye meza ya mitumba. Yale maboksi uliyochorea usiyawashie moto. Andika jina, kulia na kushoto, na tarehe, uyatundike ukutani. Mteja mtu mzima akirudi mwakani unakata moja kwa moja, labda kama amekwambia miguu inamvimba. Mtoto mpime upya kila msimu.