Farasi wa Marino Marini asiye na hatamu

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Naomba taa za mbele zizimwe, tumtazame huyu farasi ukutani.

Maana yake tuiache kwanza, tufuate wino. Mstari wa mgongo umevutwa kwa mkupuo mmoja, brashi ikakauka kabla haijafika mkiani. Shingo imekakamaa kama ubao, mdomo wazi. Juu yake mtu amelala chali, mikono ameitandaza. Rangi nzito ya maji, nyekundu na ya udongo, imepakwa juu ya wino, kisha ikakwaruzwa hadi karatasi ikaonekana tena. Hivi ndivyo Marino Marini, mchongaji na mchoraji wa Italia, alivyochora karatasi nyingi za miaka ya 1950.

Sasa tafuteni hatamu. Hamna. Hamna lijamu, hamna vikuku vya kukanyagia wala matandiko.

Sisi tukisema mtu ameshika hatamu, tunamaanisha ameshika madaraka, hata kama farasi hajawahi kumgusa. Waitaliano jambo hilo walilisema kwa shaba nyeusi. Pale Padova, mchongaji Donatello alimpandisha jemadari Gattamelata juu ya farasi mzito, fimbo ya amri mkononi, tangu karne ya 15. Mussolini, dikteta wa Italia, naye alipenda sana kupigwa picha akiwa juu ya farasi. Marini, aliyezaliwa Pistoia mwaka 1901, alikulia katikati ya sanamu za namna hiyo, na mpanda farasi wake wa miaka ya 1930 bado ametulia, mnyama na mtu wamesimama kimya.

Kilichomwangusha mpanda farasi huyo ni Vita Vikuu vya Pili. Milano ilipigwa mabomu, karakana yake ikaharibiwa, naye akahamia Tenero, Uswisi, hadi mwaka 1946. Inasimuliwa kwamba akiwa ndani ya treni aliwaona wakulima wa Lombardia wakikimbia mabomu juu ya farasi waliotaharuki. Mwenyewe alieleza baadaye kwamba kila kazi mpya farasi wake alizidi kuhangaika, na mpanda farasi alizidi kuishiwa nguvu.

Kuanguka huko hakukuja kwa siku moja. Mwaka 1948 alifanya *Malaika wa Jiji*, sanamu ya yule mpanda farasi anayeutazama Mfereji Mkuu wa Venezia mbele ya nyumba ya Peggy Guggenheim, mkusanyaji wa kazi za sanaa: mikono imetandazwa vilevile, lakini kwa furaha, uso juu. Miaka michache tu baadaye, katika kazi alizoziita *Muujiza*, farasi anainuka wima na mtu anaporomoka. Mikono ni ileile. Kwangu mimi hilo linauma kuliko damu yoyote ambayo angeweza kuichora.

Wengi huzipita karatasi hizi wakikimbilia sanamu, na mwaka 1952 ni uchongaji uliompa tuzo kuu ya Biennale ya Venezia, maonyesho makubwa ya sanaa. Nadhani wanakosea. Marini alisomea uchoraji na uchapaji Firenze kabla ya kujulikana kwa uchongaji, na rangi hakuiacha maisha yake yote. Sanamu ya shaba hupitia kalibu, nta na tanuru, mikononi mwa mafundi wengi. Karatasi inapokea mkono wake papo hapo, na ukitetemeka, mtetemo unabaki. Hata sanamu zikishatoka kalibuni alizikwaruza kwa patasi na kuzipaka rangi, kana kwamba anazirudisha kwenye karatasi.

Picha ya mwisho, tafadhali. Hapa tuko mwishoni mwa miaka hiyo ya 1950, wakati wa kazi zake za *Mpiganaji*. Farasi na mtu wamekuwa vipande, pembe kwa pembe, vyote chini. Anzeni pale juu kushoto, kwenye kile kinachoonekana kama goti, mshuke nacho taratibu. Mtafika kwenye kwato, na njiani hamtaona mahali ambapo mtu anaishia na mnyama anaanzia.