Kinga ya Meno kwa Wanaosaga Meno Usingizini

Ndugu walimu, nawashukuru kwa kunialika.

Anayesaga meno usingizini kwa kawaida hana habari, na wa kwanza kumwambia si daktari bali ni yule anayelala naye chumba kimoja. Mimi mwenyewe, pamoja na udaktari wangu wa meno, niliambiwa na mke wangu, nikabisha wiki nzima, mpaka nilipojitazama vizuri kwenye kioo cha kazini nikaona chonge zangu za juu zimepoteza ncha na kuwa bapa kama patasi.

Gamba la nje la jino, yaani enameli, ni kitu kigumu kuliko vyote mwilini, lakini halina chembe hai za kulijenga upya, kwa hiyo kilicholika kimelika. Chini yake ipo dentini, ambayo ni laini zaidi na ya rangi ya manjano, na ikishafikiwa, jino huanza kushtuka kwa maji baridi na kulika kwa kasi kuliko awali. Mchana meno ya juu na ya chini hugusana kwa muda mfupi tu, tunapotafuna na kumeza. Usiku msagaji huweza kuyakandamiza kwa nguvu ambayo akiwa macho asingethubutu, maana ule uangalifu unaotuzuia tusijiumize nao umelala. Ndiyo maana tunapokea magego yaliyopasuka, vijazio vilivyong'oka, na watu wanaoamka na taya zilizochoka na kichwa kinachouma kwenye mapanja.

Hii niliyoishika ndiyo kinga yangu, kifuniko ninachokivika meno ninapolala. Ili kuitengeneza, alama ya meno huchukuliwa kwa ujiuji mzito unaoganda kinywani ndani ya dakika chache, kisha fundi wa maabara humimina jasi katika alama hiyo, akapata nakala ya meno yako, na juu ya nakala hiyo akaunda kinga ya akriliki ngumu, aina ya plastiki, yenye unene wa milimita chache. Watu hudhani kazi imeishia hapo. Kwa kweli sehemu inayohitaji subira ni siku ya kuivaa: daktari hukuumisha karatasi nyembamba yenye rangi, akatazama ni wapi alama zimekolea, akapunguza hapo kidogo, ukauma tena, hadi meno yote ya taya ya pili yaiguse kinga kwa pamoja. Ile ya dukani, inayolainishwa kwa maji ya moto na kuumwa nyumbani, haipitii hatua hii. Ilikusudiwa wanamichezo wanaoogopa ngumi na viwiko, na ulaini wake huwafanya baadhi ya wasagaji waitafune usiku kucha kama ubani.

Nisiwadanganye: kinga hii haijaniponya. Mkiiinamisha kwenye mwanga mtaona mifereji miwili hapa upande wa kulia, na hiyo ni kazi ya meno yangu mwenyewe. Bado nasaga, ila sasa nasaga akriliki. Zamani iliaminika kwamba chanzo ni meno yasiyokutana vizuri, na meno mazima yakachongwa kwa imani hiyo. Leo tunajua kwamba jambo linaanzia kwenye ubongo, ambao usiku huamka nusunusu mara nyingi bila mwenyewe kujua, na taya zikaanza kazi. Msongo wa mawazo, pombe, sigara na kahawa ya usiku huchochea, na hata baadhi ya dawa za sonona, ingawa dawa hizo mtu asiziache bila kuzungumza na aliyemwandikia. Anayekoroma sana na kukatikiwa pumzi usingizini apimwe kwanza upumuaji, kwa kuwa wapo ambao kinga ya meno ya juu imewazidishia tatizo hilo.

Nimeulizwa pale mlangoni kuhusu watoto. Huku kwetu mtoto akisaga meno hupewa dawa ya minyoo kabla hata hajapimwa. Minyoo itibiwe ikiwapo, lakini kusaga meno si kipimo chake. Watoto wengi huacha wenyewe wanapokua, na kwa kawaida hatuwapi kinga, kwa sababu taya zao bado zinapanuka na meno ya utoto yanabadilika.

Kuhusu utunzaji, ioshwe kwa maji baridi na mswaki laini, ikaushwe, iwekwe kwenye kikasha chenye matundu. Mgonjwa wangu mmoja aliichemsha sufuriani kuua vijidudu, akaniletea kitu kilichojikunja kama ganda la chungwa, tukaanza upya kuchukua alama ya meno. Ukija kliniki njoo nayo, kwani mifereji yake hutueleza unasaga upande gani na kwa kiasi gani.

Sasa naipitisha mikononi mwenu, imeoshwa, msiwe na wasiwasi. Wakati inazunguka nitapokea maswali.