Wakala Aliyeishiwa Floti

Asanteni, kaeni. Mwenyekiti aliniomba nianze na asidi ni nini, besi ni nini. Sitaanza huko. Mko chuo cha tiba, hayo mlimalizana nayo sekondari. Nimekuja kwa ajili ya sentensi moja ninayogombana nayo tangu nianze kushika chaki, na leo nimeikuta tena kwenye daftari la binti aliyenipokea mlangoni: "Bafa ni mmumunyo unaozuia pH isibadilike."

Haizuii. Naomba walioketi nyuma nao wasikie: haizuii!

pH ni kipimo cha asidi: ioni za hidrojeni zikiongezeka, namba yake inashuka. Chukua lita moja ya maji safi, pH 7. Tia mililita moja ya asidi hidrokloriki yenye mole moja, kile kipimo cha wingi cha wanakemia, kwa lita. pH inaporomoka mpaka 3. Si kwamba imeshuka "hatua nne" kama mtu anayeshuka ngazi. Ioni za hidrojeni zimeongezeka mara 10,000, maana kila namba moja ya pH ni mara kumi. Ni logarithimu ile, si rula. Sasa chukua lita ya bafa, asidi ya siki na asetati yake, mole 0.1 kila moja, utie mililita ile ile. Ilikuwa 4.76, inakuwa 4.75. Hapo mwanafunzi anaruka: "Mwalimu, haijabadilika!" Mwanangu, 4.76 na 4.75 ni namba moja? Nikikupunja chenji shilingi hamsini utasema haijabadilika?

Haya. Nani humu hajawahi kuambiwa na wakala wa pesa za simu, "Floti imeisha"? Mnacheka, mnamjua. Yule ndugu chini ya mwavuli ana vitu viwili: keshi kwenye droo na floti kwenye simu. Ukija kuweka, anapokea noti zako anakutumia floti. Ukija kutoa, anapokea floti anakupa noti. Jumla ya mali yake haikui wala haipungui, inabadilika sura tu. Bafa ndiyo hiyo. Ina asidi dhaifu na ina besi, pacha wake. Ukileta ioni ya hidrojeni, besi inaipokea na kugeuka asidi dhaifu. Ukileta besi kutoka nje, asidi dhaifu inaachia ioni yake na kugeuka kuwa yule pacha. Mteja anahudumiwa, ila kila anayehudumiwa ameacha alama: droo si ile ya asubuhi.

Na hapo ndipo penye swali ambalo vitabu vyenu vinalipitia mbio. Wakala bora ni yupi? Ni yule mwenye keshi na floti sawa kwa sawa, maana hajui mteja ajaye anataka kuweka au kutoa. Bafa nayo ni imara zaidi pale pande mbili zinapolingana, yaani pH inapokuwa sawa na ile namba yake ya asili mnayoiita pKa. Ukitoka hapo namba moja juu au chini, upande mmoja umebaki fungu moja kwa kumi. Wakala wa namna hiyo bado yuko kazini, ila ukimletea wateja watano wa aina moja anafunga kibanda.

Sasa njooni kwenye damu, mniambie. Bafa yetu kubwa ni bikaboneti na kaboni dayoksaidi iliyoyeyuka. pKa yake ni 6.1. Damu ya mshipa wa ateri ni 7.35 hadi 7.45. Bikaboneti ni kama milimole 24 kwa lita, kaboni dayoksaidi 1.2. Ishirini kwa moja! Floti, yaani bikaboneti, imejaa, keshi hakuna. Kwa vigezo vyote nilivyowapa dakika mbili zilizopita, huyu ni wakala mbovu. Kijana mmoja miaka ya nyuma alisimama akaniambia, "Mwalimu, basi Mungu hakusoma kemia." Nilimtoa nje, kisha nikamwita arudi, maana swali lake lilikuwa zuri kuliko somo langu la siku ile.

Jibu liko kwenye jirani zake. Kibanda chake kimekaa katikati ya benki na wakala mkuu. Mwili unazalisha asidi mchana kutwa, hivyo wateja wake karibu wote wanakuja kuweka, na anachohitaji ni floti nyingi, ambayo anayo. Keshi inayojaa kwenye droo, ile kaboni dayoksaidi, haikai: mapafu ni benki ya mlango wa pili, ukipumua tu umeipeleka. Kwa siku, mtu mzima akiwa ametulia, zinatoka kwa njia hiyo kama mole 15. Floti iliyotumika inarudishwa na figo, ambazo ni wakala mkuu: zinatoa ioni za hidrojeni kwenye mkojo na kurudisha bikaboneti kwenye damu. Mapafu yanaitikia kwa dakika, figo kwa siku kadhaa. Bafa iliyofungiwa kwenye chupa haina jirani. Ya damu inao, na ndiyo maana mizani mbovu ya ishirini kwa moja inafanya kazi maisha yote.

Na Januari je? Msimu wa ada, kila mzazi ana noti mkononi anataka kuweka. Mgonjwa wa kisukari aliyeishiwa insulini ndiyo Januari yake hiyo. Asidi za ketoni, zitokanazo na mwili kuchoma mafuta badala ya sukari, zinamiminika, bikaboneti inapungua saa kwa saa, na utamwona kitandani anapumua kwa kina na kwa haraka kama aliyekimbia, wakati hajakimbia. Anabeba keshi kuipeleka benki. Msimtulize kwa maneno mkadhani ana wasiwasi! Kwenye karatasi ya maabara mtaona pH 7.1 na mwenzenu mmoja atasema, "Imeshuka pointi tatu tu." Kwa 7.4 ioni za hidrojeni ni nanomole 40 kwa lita. Kwa 7.1 ni karibu 80. Zimekuwa maradufu. Ndiyo maana nang'ang'ana na logarithimu, sina ugomvi binafsi na mtu.

Najua kuna wanaonong'ona kwamba narahisisha, kwamba nimesahau himoglobini, protini na fosfati. Sijasahau. Nao ni mawakala, tena ndani ya seli wao ndio wenye mtaa. Ila saa inakwenda.

Kuna chupa ya maji naiona pale nyuma, imeandikwa pH 9, yale yanayouzwa kwa madai kwamba yanaondoa asidi mwilini. Ngoja kwanza. Lita moja ya maji matupu yenye pH 9 ina ioni za haidroksili mole 0.00001. Tumbo lenu lina pH ya 1.5 hadi 2 kabla ya kula. Mililita moja ya maji ya tumbo yenye pH 2 ina ioni za hidrojeni mole 0.00001. Mililita moja! Haijazi hata kijiko cha chai, na lita yako nzima imekwisha. "Lakini Mwalimu, haya yamewekwa bikaboneti." Sawa, basi figo zitaitoa kwenye mkojo, na utakuwa umekojoa mkojo wa gharama. Kama unataka kuona rangi za pH, nenda nyumbani, chemsha choya, gawa vikombe viwili, kimoja kamulia ndimu, kingine tia magadi kidogo. Kimoja kitawaka wekundu, kingine kitakwenda kwenye buluu na kijani. Utajifunza mengi zaidi, na kwa bei ya sokoni. pH yenyewe ilizaliwa 1909 katika maabara ya kiwanda cha bia, Carlsberg kule Copenhagen, kwa mkono wa Søren Sørensen, kwa hiyo jiko si mahali pa kuionea haya.

Dakika tano? Mwenyekiti, ulisema kumi. Haya, seli, kwa mbio. Maji ya ndani ya seli ni kama 7.2. Lakini lisosomu, kile kifuko cha kumeng'enyea taka za seli alichokitambulisha Christian de Duve 1955, kina pH ya 4.5 hadi 5, kwa sababu kuna pampu kwenye ukuta wake zinazosukuma ioni za hidrojeni ndani usiku na mchana kwa nguvu ya ATP, sarafu ya nishati ya seli. Vimeng'enya vyake vinafanya kazi kwenye ukali huo. Kikichanika kimoja na vimeng'enya vikamwagika kwenye 7.2, vinapoa, seli inapona.

Wazee humu mnakumbuka klorokwini, dawa ya malaria, na kuwashwa kwake mpaka mtu anajikuna kwa gunzi. Ile ni besi dhaifu. Inapenya utando ikiwa haina chaji, inafika kwenye kifuko cha kimelea cha malaria, mle mwenye asidi, inadaka ioni za hidrojeni, inapata chaji, na kutoka haiwezi tena. Inarundikana mle mpaka kimelea kinashindwa kuhifadhi salama sumu ya himu, ile sehemu yenye chuma, kinayoitoa kwenye himoglobini yetu. Kimelea sugu kimepata mlango wa kuitoa nje, na ndiyo maana Tanzania iliiacha kama dawa ya kwanza mwaka 2001.

Mitokondria, mitambo ya nishati ya seli, nilikuwa nazo, na Peter Mitchell aliyeeleza jinsi zinavyotumia ioni za hidrojeni kutengeneza ATP, na Nobel yake ya 1978, na bado zimo kwenye mkoba. Zitarudi nami nyumbani. Maswali. Wewe wa nyuma mwenye chupa, anza.