Kochi la Mama na Damu ya Hammer

ZUHURA: Karibuni tena. Leo ni Hammer, kampuni ya filamu ya Uingereza. Kibwe kaja na masomo matatu kwenye karatasi. Ila kwanza kochi.

KIBWE: Dada, si tulikubaliana kochi lisiingie hewani?

ZUHURA: Limeshaingia.

KIBWE: Haya. Mama yuko Tanga msibani. Jumamosi nikawaazima vijana wa filamu sebule yake. Mtu anachomwa kisu, damu ni rozela iliyokorogwa na unga wa muhogo. Akaangukia wapi?

ZUHURA: Kochi la kijivu! Lenye vitambaa vya kufuma!

KIBWE: Sasa sikia. Saa moja baadaye wamebadili mapazia, wamegeuza kochi, sebule ileile imekuwa ofisi ya wakili. Doa wameliziba na mto mwekundu. Nikasema, hawa ni Hammer watupu.

ZUHURA: Waeleze wasioijua.

KIBWE: Mwaka 1951 Hammer walihamia jumba la zamani, Down Place, kando ya mto Thames karibu na kijiji cha Bray. Mwanzo walipanga, baadaye likawa lao. Wakashuti humohumo. Filamu ya mnyonya damu, Dracula: Prince of Darkness, na ile ya Rasputin wamezipiga mfululizo, seti zilezile, mwigizaji mkuu Christopher Lee yuleyule. Na kwenye hiyo Dracula hasemi hata neno moja! Anatoa meno tu, kama paka aliyebanwa mkia.

ZUHURA: Mimi nasema damu ndiyo iliyowatoa. The Curse of Frankenstein, 1957, kwa rangi! Watu walishazoea Frankenstein wa nyeusi na nyeupe.

KIBWE: Na uso wa zimwi ilibidi waubuni upya, maana ule wa kichwa bapa ni mali ya Universal, kampuni ya filamu ya Marekani. Mpambaji wao, Phil Leakey, akampaka Lee ngozi ya viraka viraka.

ZUHURA: Kama kochi.

KIBWE: Niache. Hoja yangu ni hii: jumba ndilo lililowalea. Walipohama Bray mwaka 1966, ladha ikaisha.

ZUHURA: Sikubali. Mwaka 1968 wamepewa tuzo ya Malkia ya viwanda kwa fedha za kigeni walizoingiza. Wameshahama hao!

KIBWE: Tuzo ya jasho la nyuma.

ZUHURA: Kaka, hela ilikuwa ya Wamarekani. Wao ndio waliochangia gharama, wao ndio waliosambaza. Miaka ya 70 wakafunga mkoba, na 1979 Hammer chali. Jumba lingelipa mishahara ya nani?

KIBWE: Jumba lao wenyewe halidai kodi.

ZUHURA: Hilo si jibu.

KIBWE: Kwangu ni jibu. Mtu asiye na nafasi anabuni. Mpe studio kubwa, anabweteka.

ZUHURA: Ubunifu bila hela ya kusambaza unabaki sebuleni. Kwa mama yako.

KIBWE: Sijashawishika.

ZUHURA: Wala mimi. Tumebakiwa na dakika moja, na karatasi yako hujaigusa.

KIBWE: Somo la kwanza…

ZUHURA: Simu yako inaita.

KIBWE: Ni mama. Kumbe kafika. Shikamoo mama… Ndiyo… Mto upi?

ZUHURA: Toa meno tu, Kibwe. Usiseme neno.