Saa ya Mnyoo: Kichocho, Konokono na Mwili wa Binadamu

Mabibi na mabwana, pamoja nanyi wanafunzi mliojaza viti vya nyuma,

Kutoka hapa mjini Kisumu hadi ufuo wa Dunga si mbali, na wengi wenu mmewahi kuingia Ziwa Victoria jua likiwa utosini. Ningependa tuutafakari wakati huo, kwa maana mnyoo wa kichocho cha tumbo ameumbika kuutegemea.

Ukimchukua konokono aliyeambukizwa mnyoo huyo, yule mwenye gamba bapa, dogo kuliko sarafu ya shilingi moja, ukamweka katika glasi ya maji safi penye mwanga, baada ya saa moja au mbili utaona kitu kama vumbi jeupe kikielea. Chini ya hadubini, vumbi hilo ni lava walio hai, yaani minyoo wachanga waliokulia ndani ya konokono, kila mmoja akiwa na mkia wenye panda kama ya manati, nao wasipoipata ngozi ya mtu ndani ya siku moja au mbili hufa. Kwa uhai mfupi namna hiyo, lava anayetoka saa ambayo hakuna mtu majini amepotea bure, ilhali anayetoka saa ya kufua, kuoga na kuvuta nyavu ndiye huacha kizazi. Katika kisiwa cha Guadeloupe, huko Karibi, ambako mnyoo huyuhuyu huishi pia ndani ya panya, lava hutoka kwa wingi karibu na adhuhuri pale binadamu anapokuwa mwenyeji mkuu, yaani ndiye hasa anayembeba mnyoo. Penye panya wengi hutoka jioni, panya wanapoanza kutembea. Tabia hiyo hurithiwa, na kwangu mimi huo ni ushahidi mzuri mno wa uteuzi asilia, yaani wenye tabia inayofaa ndio huishi na kuacha kizazi.

Konokono naye hujitetea kwa namna yake. Mnyoo atamfunga uzazi, lakini kabla hajafika huko, konokono huongeza kasi ya kutaga mayai, akiwahi kupata watoto.

Sisi je? Mnyoo aliyekomaa huishi kwa miaka kadhaa ndani ya mishipa ya damu ya utumbo, na jike hutaga mamia ya mayai kila siku, kwa sababu hujivika molekuli za mwili wetu wenyewe hata kinga isimtambue. Waosha magari wa hapa Kisumu, ambao kazi yao huwasimamisha majini siku nzima, walifuatiliwa na watafiti kwa miaka mingi. Walitibiwa kwa prazikwanteli, dawa ya kuua mnyoo huyu, wakaambukizwa, wakatibiwa tena. Baadhi yao hawakubadilika, jambo linalonisikitisha, lakini wengine, baada ya matibabu kadhaa, walichukua muda mrefu zaidi na zaidi kabla ya kuambukizwa upya. Maelezo ninayoyakubali ni kwamba dawa humvua mnyoo vazi lake: anapokufa, viungo alivyovificha humwagika katika damu, na kwa mara ya kwanza kinga humwona jinsi alivyo.