Alama Hizo Apewe Mkufunzi Kwanza

Ba papa na ba mama, wengine mmeshanisikia na habari ya kijana wa breki. Leo tena, vumilieni.

Kijana huyu alikuwa akijifunza lori la mgodi kwenye simuleta, ile mashine ya kuigiza uendeshaji kwa skrini. Anateremka shimoni lori likiwa tupu, mashine inamwekea mtu wa skrini ghafla mbele yake, kisha inapima amekawia kiasi gani kukanyaga breki. Akawapita wenzake wote kwa alama. Wakubwa wakafurahi, karatasi ikabandikwa ukutani. Lakini mkufunzi, mzee aliyezeekea kwenye malori, hakutazama skrini, alitazama mguu. Mguu ulishafika kwenye breki kabla mtu hajatokea! Kijana amekariri: kona ya pili, kushoto, mtu. Mashine ikauita huo wepesi. Mzee hakugombana naye. Alimhamisha tu yule mtu, akamweka kona ya nne, na bingwa wetu akamkanyaga. (Kicheko.)

Sasa mtaniambia, "Papa, wewe unachukia mashine." Nani kasema? Binadamu gani atafuatilia kasi, gia, breki na umbali wa lori la mbele kwa mara moja, huku anafundisha? Mashine inaandika yote, tena haijui nani ni mpwa wa mkubwa. Hapa kwetu Lubumbashi hilo peke yake ni la kushukuru.

Wala si jambo jipya. Simuleta ya ndege aliyoibuni Edwin Link mwaka 1929 ilikuja kuwekewa kidude cha magurudumu kilichochora njia ya rubani kwa wino juu ya ramani. Ramani ilikaa wapi? Mezani kwa mkufunzi! Mwanafunzi kafungiwa ndani ya kisanduku chake, haioni. Sisi tumegeuza: mwanafunzi ana taa nyekundu na kijani mbele ya macho, za kumwambia amekosa au amepatia, mkufunzi tumempa kiti cha nyuma.

Na taa zikiwaka kila mara, mtu anaziegemea. Watafiti wa kujifunza, Salmoni, Schmidt na Walter, walilieleza mwaka 1984: kumwambia mtu kila mara kama amepatia au amekosa hupandisha matokeo wakati wa mazoezi, kukiondolewa ujuzi unashuka. Mvua ya Januari ikishalowesha barabara ya shimo, taa ya kijani iko wapi?

Nilitaka kugusa nani atunze kumbukumbu za alama hizo, lakini mwenyekiti anatazama saa. Basi moja tu: kabla ya kununua simuleta, muulizeni muuzaji kama mkufunzi ataweza kubadilisha zoezi mwenyewe, katikati ya somo, bila kupiga simu Ulaya. Akianza kuzungukazunguka, msitie saini.