Niipake Rangi Upya Au Niiache? Shotgani Yangu ya Mabaka

Haya watu wangu, karibuni tena. Leo hapa mezani kuna shotgani, na kabla hamjaanza kushtuka tazameni, nimeshaifungua, chemba tupu, magazini tupu, nimeingiza mpaka kidole, risasi zenyewe ziko chumba kingine kabisa. Tumeelewana eeh, sawa.

Hii ndo ile ya kuwindia bata, pump, ile ya kukokota kwa mkono kila ukipiga, na haya mabaka mnayoyaona sio ya jeshi. Najua mtu akiona mabaka tu anajua ni jeshi, lakini angalia vizuri, ni majani, magome ya miti, matete, ndo kamo, yaani mabaka ya kujifichia, ya wawindaji wa huku Marekani, yale majina mawili makubwa ya hii michoro, Mossy Oak na Realtree, yote yalianza mwaka mmoja, 1986. Niliinunua kwa mtu ikiwa safi tu. Sasa ona hapa mbele kwenye mtutu inavyobanduka, na hapa pa kushikia imefifia imebaki alama za vidole. Hilo kosa ni langu, nisimsingizie mtu, nilikuwa napaka dawa ya mbu mikononi halafu nadaka bunduki hivyohivyo, kumbe dawa zenye DEET zinalainisha plastiki na rangi. Mbu hawakunila, wakaiachia dawa iile bunduki.

Kwa hiyo msimu mzima najiuliza, nikwangue yote niifanye nyeusi au niache.

Muelewe kwanza hii kamo inawekwaje, maana mimi nilidhani mtu anakaa na brashi. Hapana. Mchoro unachapwa kwenye plastiki laini sana inayoyeyuka majini, inatandazwa juu ya maji ya uvuguvugu, wanaipulizia dawa ule wino ulainike ubaki unaelea, halafu kitu kinazamishwa taratiiibu na wino unakipanda kila upande. Mwisho vanishi juu. Nilikaa natazama watu wanazamisha vitu usiku kucha, kesho yake kazini nasinzia. Sasa shida yake ni kwamba pale ilipopasuka maji yanapenya chini, na kutu inatembea mle ndani wewe huioni, kwa nje majani yako mazuri tu. Nilibandua kwa ukucha hapa karibu na mdomo wa mtutu nikakuta vidoa vyekundu. Hapo ndo nikaacha kufikiria urembo.

Wazo langu la kwanza lilikuwa ile nyeusi ya zamani yenye ubluu, ambayo chuma kinachemshwa kwenye chumvi kali. Nikachukua sumaku ya friji, mtutu ukanasa, mwili wa bunduki ikateleza ikaanguka chini. Aluminiamu! Mossberg 500 mwili wake ni aluminiamu, Remington 870 ni chuma, kwa hiyo usiangalie rangi, jaribu na sumaku. Aluminiamu ukiitumbukiza kwenye ile chumvi inaliwa, ndani mna kostiki soda. Na kama una ile ya mitutu miwili iliyoungwa kwa lehemu ndo usithubutu kabisa, mitutu itaachana, hizo fundi anaziwekea kutu kidogokidogo makusudi halafu anaichemsha igeuke nyeusi, kazi ya siku nyingi.

Ipo ya seramiki, Cerakote, mtutu unapigwa mchanga, unapulizwa, unaokwa kwenye oveni. Safu yenyewe kama milimita 0.025 tu na ni ngumu kweli, naikubali sana hiyo. Ila aliyezembea kuziba nyuzi za choke, kile kibano cha kuskrubu mdomoni mwa mtutu, na ndani ya mtutu ameharibu bunduki. Na wewe unayetaka kushika msasa mwenyewe nyumbani, namba ya siriali usiiguse jamani, ikifutika, sheria ya shirikisho huku inafanya hata kuwa nayo tu ni kosa.

Halafu kuna rangi ya kopo, unapuliza nje kwenye upepo, msimu ujao unapuliza tena, wawinda bata wengi wanaishi hivyo na wala hawaoni aibu.

Sasa mzee mmoja ninayewinda naye, yake nyeusi imechakaa haina hata jani moja, na kwa kupata bata ananishinda kila siku. Nikamuuliza, akacheka, akasema bata hasomi bunduki, anaona unavyotikisika na huo uso wako unavyong'aa ukitazama juu. Na kweli ndege macho yao yanatushinda mbali, wanaona mpaka mwanga wa UV ambao sisi hatuuoni. Kikubwa bunduki isimetemete. Tena hii kamo yangu juzi niliiweka chini kwenye matete niokote bata, kurudi siioni, nimezunguka kama dakika 20 napapasa matope, mzee ananiangalia tu.

Basi nimeamua hivi: kitako na pa kushikia vinabaki na majani yao, ni plastiki, havili kutu. Mwili nao nauacha, haujabanduka. Mtutu peke yake ndo naupeleka kwa fundi aukwangue wote, autoe kutu, aupige seramiki nyeusi isiyong'aa. Itakuwa nusu porini nusu mjini, mtacheka, chekeni. Na hapa kwenye kitako nishafunga mkanda wa rangi ya chungwa isinipotee tena, naufungua nikishakaa mafichoni, nikinyanyuka naurudisha.

Ngoja niufungue huu mtutu muone kutu yenyewe, sogea karibu na kamera hapa.